Kauri ya kale yenye nakshi za enameli: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Uganda

Wengi wanaotuuliza wana chombo kimoja au viwili tu: sahani aliyoiacha jajja, buli lililonunuliwa pamoja na kabati kuukuu Jinja, bakuli lililookotwa kwenye rundo la vyombo soko la Owino. Karibu wote huanza na bei. Sisi huanza na hali ya chombo, maana bei haisemeki kabla hali haijajulikana, na chombo kilichosuguliwa au kugundishwa kabla ya kukaguliwa huwa kimeshapoteza nusu ya ushahidi wake.

Je, hii enameli ni ile ile ya kikombe cha Tumpeco?

Ni ndugu, lakini mwili ni tofauti. Kikombe cha Tumpeco cha zamani ni chuma kilichovikwa ngozi ya kioo. Kikianguka, kioo kinabanduka na kutu inaingia. Kauri haina chuma ndani. Ni kaolini, udongo mweupe, uliochanganywa na jiwe lenye feldspari na kuchomwa kwenye nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi mpaka ukawa mgumu, mweupe, na mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Juu yake kuna glezi, ile ngozi inayong'aa.

Enameli inakuja baadaye. Ni kioo chenye madini ya risasi, kimesagwa kikawa unga na kutiwa rangi kwa oksidi za metali: shaba kwa kijani, chuma kwa nyekundu, kobalti kwa buluu, manganizi kwa zambarau. Fundi anaipaka juu ya glezi iliyokwisha kuiva, kisha chombo kinarudi tanurini kwa moto mdogo, nyuzi 700 hadi 900 hivi. Shika jambo hilo moja na mengine yote ya ukurasa huu yatakuwa mepesi: enameli inakaa juu, haikuzama. Kwa hiyo ndiyo inayochakaa kwanza, inayokwaruzwa kwanza na inayobanduka kwanza.

Nitajuaje kama rangi iko juu ya glezi au chini yake?

Kiinamishe chombo karibu na dirisha mpaka mwanga uteleze juu ya uso wake. Rangi iliyo chini ya glezi, hasa ile buluu ya kobalti, haivunji mng'ao. Uso unapita juu yake kama maji. Enameli inavunja. Utaona kijiinuko, au mng'ao wa aina nyingine pembeni mwa ua. Pitisha ncha ya kidole polepole na utakihisi kijiinuko hicho. Vyombo vingi vina zote mbili, buluu chini na nyekundu, kijani na dhahabu juu. Ile kauri ya Kijapani inayoitwa Imari ndiyo mfano unaojulikana zaidi.

Kauri ya China ilifikaje Uganda?

Pwani ilikuwa nayo zamani mno. Mabakuli ya Kichina yalijengewa kwenye kuta za misikiti na makaburi kuanzia Kilwa hadi Gedi na Lamu, na nyumba za mawe zilikuwa na zidaka za kuyapanga. Bara ni hadithi nyingine. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Kabaka Suna II miaka ya 1840. Ahmed bin Ibrahim anatajwa kufika mwaka 1844. Lakini fikiria msafara wa miguu kutoka pwani kupitia Tabora: mpagazi anabeba nguo, shanga na bunduki, si seti ya chai.

Mambo yalibadilika reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli za ziwani zikaanza kushusha mizigo Port Bell na Entebbe. Hapo ndipo vyombo vya mezani vilipoanza kuingia kwa makasha, kwa maofisa, wamisheni na wenye maduka kutoka India. Kwa hiyo ukiniambia una sahani ya karne ya 19 ya Canton, bandari ya China, au seti ya Kijapani ya miaka ya 1920, nakubali bila shida. Ukiniambia bakuli la Ming, ukoo wa wafalme wa China uliokwisha karne ya 17, limekaa Masaka tangu enzi hizo, nitaomba kiti kwanza.

Rangi zinaweza kunieleza umri?

Zinaweza kueleza umri ambao chombo *hakiwezi* kuwa nao, na hilo ndilo lenye faida kubwa zaidi.

Wachina walikuwa na enameli mapema. Chini ya Mfalme Chenghua (1465–1487) walitengeneza vyombo vidogo vya ajabu ambavyo mistari yake ilichorwa kwa buluu chini ya glezi, kisha ikajazwa enameli juu; aina hiyo huitwa doucai. Enzi ya Kangxi (1662–1722) kijani kilitawala, na buluu ya juu ya glezi ikaanza kutumika. Wafaransa waliipa kauri hiyo jina la famille verte. Kisha, miaka ya 1720, ikaja waridi. Rangi hiyo inatokana na dhahabu iliyosagika ndani ya kioo hadi chembe zake zisionekane. Pamoja nayo kulikuja nyeupe nzito yenye aseniki, ambayo ilimwezesha mchoraji kukoleza au kupausha petali moja kutoka ukingoni hadi katikati. Hiyo ndiyo famille rose, iliyostawi enzi za Yongzheng (1723–1735) na Qianlong (1736–1795) na kuendelea hadi leo.

Kwa hiyo sahani yenye waridi laini la dhahabu na alama ya Chenghua chini yake imejieleza yenyewe: ni ya karne ya 18 au baadaye, hata kama aliyekuuzia aliapa.

Ulaya ilichelewa. Kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kilianzishwa mwaka 1710; kile cha Vincennes, Ufaransa, kilihamia Sèvres mwaka 1756. Japani ilikuwa na enameli nzuri kutoka Arita tangu karne ya 17, na Meissen waliiga mtindo wao wa Kakiemon bila haya.

Chini kuna herufi sita za Kichina. Si ndiyo alama ya mfalme?

Ni jina la mfalme, ndiyo. Kwamba chombo ni cha enzi yake ni jambo jingine. Wafinyanzi wa Jingdezhen, mji wa kauri wa China, waliandika majina ya wafalme waliotangulia kwa heshima, kwa mazoea, na wakati mwingine kwa hila. Vyombo vya enzi ya Kangxi vina jina la Chenghua. Vya karne ya 19 vina jina la Kangxi. Vya juzi vina lolote lile. Alama isome mwisho, baada ya mwili, glezi, enameli na kitako.

Neno la Kiingereza ndilo linalosaidia zaidi. Sheria ya ushuru ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1891 ilidai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo «China», «England» au «Nippon» kwa kawaida inaashiria mwaka huo au baadaye. «Nippon» ikaachwa mwaka 1921, Marekani ilipotaka iandikwe «Japan». Lakini kukosekana kwa neno hakuthibitishi uzee: si kila chombo kilipelekwa Marekani, na lebo ya karatasi hubanduka.

Nianzie wapi kukagua hali yake?

Meza, taulo nene juu yake, dirisha lenye mwanga wa mchana. Vua pete, saa na bangili. Ondoa kifuniko kwanza na kiweke mbali. Usiinue buli kwa mkono wake wala kikombe kwa sikio lake. Viungo hivyo vilibandikwa kabla ya kuchomwa na ndivyo huachia mapema. Mkono mmoja chini, mwingine ubavuni.

Tuchukue sahani ya aina inayopatikana kweli hapa, ile ya Canton yenye vyumba vinne, viwili vya watu na viwili vya ndege na maua, vikizunguka duara la katikati. Itazame kwanza yote, kwa urefu wa mkono. Je, ni duara kamili au imejikunja kidogo? Kujikunja ni kazi ya tanuri. Je, kuna eneo ambalo weupe wake ni tofauti, mweupe mno au wenye umanjano, au lisilong'aa kama mengine? Hapo weka alama akilini.

Sasa washa tochi ya simu, zima taa ya chumba, na uilaze tochi karibu sambamba na sahani. Mikwaruzo itasimama kama mistari ya jembe. Kwenye sahani iliyotumika kwa haki, mikwaruzo inakwenda huku na huko na imejaa katikati, mahali kisu kinapofika. Nyekundu ya mavazi itakuwa imefifia zaidi kuliko kijani cha majani, kwa sababu nyekundu ya chuma hupakwa nyembamba na ina kioo kidogo. Ukikuta mikwaruzo yote inaelekea upande mmoja, sawasawa, mpaka kwenye kona ambazo kijiko hakifiki, kuna mtu aliyeizeesha kwa msasa.

Halafu ukingo. Fumba macho na uzungushe kidole kwenye ukingo wote, polepole. Kidole kinakamata pengo ambalo jicho limeliruka. Pengo likiwa kavu na jeupe kama chaki au sukari, ni kuumia. Likiwa limefunikwa na glezi, lilikuwapo kabla ya moto. Ukingo ukiwa laini isivyo kawaida, mnene mahali pamoja, wenye joto kidogo kuliko pengine unapougusa kwa mdomo, shuku rangi na resini: kauri ni baridi, plastiki si baridi. Ndiyo, tunagusa kwa mdomo. Anayepita atacheka, wewe endelea.

Mwisho kigeuze. Duara la kitako halina glezi kwa kawaida. Liko wazi, na huonyesha udongo wenyewe. Uchafu wa miaka huingia kwenye vitundu vyake bila mpangilio. Uchafu wa kubandikwa, chai au udongo mwekundu uliopakwa kwa brashi, hukaa sawasawa na hutoka kwa kitambaa chenye maji. Maliza kwa lenzi ya sonara yenye ukuzaji wa mara 10. Mstari wa brashi una mwanzo mnene na mwisho mwembamba. Picha ya kubandikwa ya kiwandani ina vidoti vilivyopangwa kama picha ya gazeti.

Kuna watu wanakigonga kisikike. Ni njia ya kweli?

Ya kweli kiasi. Kalisha bakuli kwenye ncha za vidole na uligonge ukingoni kwa ukucha, taratibu sana. Lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa. Lakini ufa mfupi unaweza usisikike, na chombo kinene au chenye umbo la kufunga hakilii hata kikiwa kizima. Na mtu anayegonga kwa sarafu au kalamu, mnyang'anye chombo.

Ile taa ya kukagua noti bandia inafaa?

Inafaa sana, na ndiyo kifaa pekee cha maabara kinachopatikana kila mtaa wa biashara Kampala. Ingia nacho chumba chenye giza. Glezi yote inapaswa kuitikia mwanga wa urujuanimno kwa namna moja. Gundi za zamani, vanishi na rangi za ukarabati mara nyingi huwaka tofauti, nyeupe ya maziwa au manjano, na mpaka wake huonekana kama doa la mafuta. Kuna resini za siku hizi ambazo haziwaki hivyo, kwa hiyo taa ikionyesha doa, amini. Isipoonyesha, bado tumia kidole na lenzi. Usiitazame taa yenyewe.

Ufa huu ni wa kuanguka au wa tanurini?

Ufa wa tanurini ulifunguka chombo kikiwa motoni. Kingo zake zimeviringika, glezi imetiririka ndani, na mara nyingi ni mpana katikati na unafia pande zote mbili. Upo kwenye kitako au kwenye kiungo cha mkono. Hausogei tena. Wanunuzi wengi wanausamehe, hasa kwenye vyombo vya kusafirishwa nje.

Ufa wa kugongwa ni mwembamba, kingo zake ni kali, na ukucha hukwama humo. Kwetu huku vumbi jekundu huingia ndani yake na kuupaka rangi ya kutu; kwenye vikombe ni kahawia ya chai. Huo unaweza kuendelea. Maji moto mara moja tu kwenye kikombe baridi, na ufa wa unywele wa sentimita mbili unafika kitakoni.

Kuna kundi la tatu linalochanganya watu: utando wa mipasuko midogo iliyoenea uso mzima kama wa buibui. Hiyo ni glezi iliyovutwa kuliko mwili wake. Ni ya kawaida kwenye vyombo vya udongo laini vya Ulaya na si kawaida kwenye kauri ngumu ya Kichina, isipokuwa ilipotengenezwa hivyo kwa makusudi. Vidoa vyeusi vidogo, vitundu vya sindano, na chembe za mchanga kitakoni ni majivu na changarawe za tanuri. Vialama vitatu au vitano vya kuvunjika chini ya sahani ya Kijapani ni mahali iliposimamishwa juu ya vijiti wakati wa kuchomwa. Si kasoro, wengine tunafurahi kuviona.

Enameli imefubaa, imechakaa au imebanduka: kuna tofauti gani?

Kubwa. *Kuchakaa* ni msuguano: rangi inapungua taratibu, zaidi kwenye miinuko, na kingo zake hazina kona. *Kubanduka* ni rangi nzima kuruka kama ganda, ikiacha kivuli kikavu juu ya glezi ambacho bado kinaonyesha umbo la ua. Sababu yake ni kioo cha enameli kutanuka na kusinyaa tofauti na glezi iliyo chini. Kijani na buluu nene ndizo hukabiliwa zaidi. Kubanduka ni hatari kwa sababu huendelea, na ganda jirani linaweza kuondoka na kitambaa chako cha vumbi.

*Kufubaa* ni kemia. Asidi, siki, ndimu, au dawa kali za sabuni hula risasi kwenye uso wa enameli, na mng'ao unakuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Hakuna polishi inayourudisha. Kuna waghushi wanaofanya hivyo makusudi ili chombo kipya kionekane kizee. Kwao ufubavu umeingia kila pembe, hata chini ya mkono wa buli.

Ukiinamisha chombo ukaona rangi za upinde wa mvua zikizunguka enameli ya buluu au kijani, usiogope. Ni kioo kilichozeeka, na kwa kawaida ni dalili njema. Siyo cheti, lakini.

Dhahabu yake imefutika. Nipake nyingine?

Usipake. Dhahabu huchomwa kwa moto mdogo kuliko rangi zote, kwa hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote, na mnunuzi mzoefu anatarajia imefutika ukingoni na kwenye mkono. Ikiwa sahani ya mwaka 1880 ina dhahabu nzima inayong'aa kama pete ya harusi, hapo ndipo maswali yanaanza. Rangi ya dhahabu ya chupa inayouzwa madukani ni shaba, itageuka kijani.

Nyuma kuna vipini vya chuma vilivyoshikilia ufa. Niving'oe?

Viache. Kabla ya gundi za kisasa, mafundi walitoboa mashimo ambayo hayakupita upande wa pili, wakaingiza vipini vya waya vilivyobana pande mbili za ufa. China na Ulaya walifanya hivyo. Vinaonyesha kwamba mtu fulani alikithamini chombo kiasi cha kulipia matengenezo, na vingi vimeshika hadi leo. Bei inashuka, ndiyo. Lakini sahani iliyotengenezwa kwa vipini ina uaminifu ambao sahani iliyopakwa rangi ikasingizia uzima haina. Mimi ningechagua ya kwanza kila siku.

Niioshe vipi?

Kwanza uliza kama inahitaji kuoshwa. Vumbi huondoka kwa brashi laini ya rangi za maji. Kama ina ufa, kiraka, dhahabu dhaifu au enameli inayobanduka, ishia hapo.

Kama ni nzima: beseni la plastiki, taulo chini, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya kawaida, chombo kimoja kwa wakati. Suuza, kausha kwa kugusagusa, usisugue. Usitumie majivu, mchanga, stiluwaya, wala Vim. Najua sufuria zetu zinang'aa kwa majivu na maganda ya mgomba. Enameli itang'olewa navyo. Jiki usiiguse kabisa: inakula dhahabu, na chumvi zake hubaki ndani ya ufa. Usiloweke kamwe chombo chenye ufa au kiraka, gundi ya zamani itayeyuka ukabaki na vipande mikononi. Na selotepu usiibandike juu ya nakshi hata kwa muda: itatoka na ua zima.

Imevunjika leo asubuhi. Nitumie gundi ya papo hapo?

Hapana. Gundi hiyo inakauka kabla hujapanga vipande, na kipande cha kwanza kikikosea nusu milimita, cha mwisho hakiingii. Okota kila kitu, hata unga. Usijaribu kuunganisha vipande «kuona tu», kwa sababu kingo zinasagana na kupoteza kona zake. Funga kila kipande peke yake kwenye tishu, weka kwenye kopo gumu, andika tarehe. Vinaweza kusubiri miaka. Fundi wa kauri hutumia gundi inayoweza kurudishwa nyuma, yaani itakayoyeyushwa siku mwenye ujuzi zaidi akija.

Naweza kuvitumia kwa chakula?

Mkate mkavu, sawa. Juisi ya ndimu, ukwaju, achari, nyanya au chai iliyokaa, hapana: risasi iliyomo kwenye enameli huvuja kwenye kitu kichachu, na kadiri enameli ilivyofubaa ndivyo inavyovuja zaidi. Watoto na mama wajawazito wasivitumie kabisa. Wala usiviweke kwenye maikrowevu, dhahabu itatoa cheche.

Kikombe changu kikiinuliwa kwenye mwanga kinaonyesha uso wa mwanamke kitakoni. Ni cha kale sana?

Ni cha Japani, na kwa kawaida ni cha karne ya 20. Uso huo hauna rangi. Ni unene tofauti wa kauri, pembamba panapitisha mwanga zaidi. Vilitengenezwa kwa wingi vya kuuza nje, mara nyingi na joka lililoinuka ubavuni. Vinapendeza, seti kamili yenye vikombe vizima inatafutwa, lakini havitakununulia kiwanja.

Ufa unapunguza bei kiasi gani?

Hakuna hesabu moja. Kwa chombo kinachopatikana kwa wingi, ufa unaua bei, maana mnunuzi atasubiri kizima. Kwa chombo adimu, ufa unajadiliwa. Ukarabati uliofichwa ni mbaya kuliko ufa ulio wazi, kwa sababu ukigunduliwa, kila neno jingine la muuzaji linatiliwa shaka.

Watu hupenda kututajia kile kikombe cha doucai cha enzi ya Chenghua chenye picha ya jogoo, tetea na vifaranga, kilichouzwa na Sotheby's Hong Kong mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 280 za Hong Kong. Mnunuzi, Liu Yiqian, akanywea chai. Kina upana wa sentimita 8 hivi. Vizuri, lakini nakala za kikombe hicho zimetengenezwa kwa mamia ya miaka, na za leo zinauzwa kwa bei ya soda. Cha kwako ni kimoja kati ya hizo mpaka ithibitike vingine.

Nani anaweza kunithaminia hapa Uganda?

Uganda Museum, iliyoanza mwaka 1908 na iliyoko Kitante tangu mwaka 1954, ni mahali pazuri pa kuuliza juu ya historia, lakini makumbusho kwa desturi hayatoi bei. Kwa bei, nyumba kubwa za mnada kama Christie's, Sotheby's na Bonhams hupokea picha kwa mtandao. Mthamini anayekuthaminia na papo hapo akataka kununua, mshukuru na uondoke. Ukitaka kukitoa nchini, uliza kwanza Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale kama kinahitaji kibali.

Familia yetu ilikipata mwaka 1972. Tuseme?

Semeni. Idi Amin alipotangaza Agosti mwaka huo kwamba Waasia wana siku 90, nyumba za Kampala, Jinja na Mbale ziliachwa na vyombo vikiwa kabatini. Vingine viliuzwa kwa bei ya kutupa, vingine vilipewa majirani na watumishi kuvitunza, vingine vilichukuliwa tu. Andikeni mnachokijua: nani alitoa, kwa nani, mtaa gani. Tunajua familia zinazorudi kuuliza juu ya sahani, na sahani inayoweza kutajiwa mwenyewe ni nafuu kwa kila mtu kuliko ile ya «tuliikuta». Sisi hatusaidii kuuza chombo ambacho mwenyewe anajulikana na hajaulizwa.

Niihifadhi na kuisafirisha vipi?

Ukipanga sahani, weka kipande cha flana kati ya kila mbili. Kitako cha ya juu hakina glezi, na kinakwangua enameli ya ile ya chini. Usitundike sahani kwa vishikizo vya springi. Vinabana ukingo saa 24. Magharibi mwa nchi, na hata Kampala, kumbuka mitetemeko: ile ya Toro ya 1966 na ya 1994, na ile ya Bukoba ya Septemba 2016 iliyosikika hadi kwetu. Rafu iwe na kizuizi mbele na chombo kizito kikae chini.

Safarini, tishu safi kwanza, maana wino wa gazeti hupaka dhahabu. Kisha sponji, kasha, na kasha jingine la nje lenye nafasi iliyojazwa. Maganda makavu ya mgomba yanafaa sana hapo katikati. Kifuniko kifungwe peke yake, kamwe kisisafiri juu ya buli. Boda boda tunaikataa, hata kwa mtu anayemjua dereva.

Nikiwaletea picha, mnataka zipi?

Mbele, nyuma, kitako, alama kwa karibu, ukingo kwa pembe, na kila jeraha lenye rula kando yake. Mwanga wa dirisha, bila flashi. Usipake mafuta kabla ya kupiga. Kuna anayefanya hivyo na tunaona.

Ongeza maelezo mafupi: kipenyo, kimo, uzito, na jeraha liko wapi. Kwa sahani, chukulia uso wa saa, juu ya picha pakiwa 12, na utumie nambari zilizoandikwa kwenye uso huo, si saa tunazozitaja mdomoni. Mfano: «Pengo la milimita 4 ukingoni, nambari 2, kavu. Ufa wa milimita 31 kutoka nambari 7 kuelekea katikati, una uchafu mwekundu, unaonekana nyuma pia. Nyekundu imechakaa katikati. Dhahabu imebaki kama robo. Taa ya noti: hakuna doa.» Mistari mitano ya namna hiyo inatutosha kukujibu, na hata ukitaka kuuliza London, ndiyo watakayokuuliza.